Vitabu Tisa na Mwizi Mmoja

Katika Kumsenga yote, wilayani Kibondo, kuanzia barabara ya vumbi mpaka kule migomba inakoishia, hakuna mwanamke aliyesoma vitabu vingi kama Bibi Immakulata. Hilo alilisema mwenyewe, kisimani, kanisani, na mara moja msibani. Kisha, kabla mtu hajaguna, aliongeza mwenyewe kwamba wanawake wengine wana kazi za kufanya, na kwamba kati ya vitabu vyake ishirini na tatu, vinne havina mwisho, kimoja hakina mwanzo, na kimoja ni maelekezo ya jokofu ambalo hajawahi kuliona.

Shule yake ilikuwa darasa la saba. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na miaka kumi na miwili, akaanzishwa upya na watoto wadogo, na alipofika la saba alikuwa mrefu kuliko mwalimu. Akaolewa na Venanti, Muha wa hapo Kumsenga, akazaa watoto sita, wa kwanza Reverien, na tangu hapo kijiji kizima kikamwita Mama Reverien. Venanti alipofariki na watoto wakatawanyika, ndipo vitabu vilipomwingia kama homa.

Alivipata kwa Deborah, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyeuza chapati na vitu vya mitumba katika soko la karibu na kambi. Kwa debe la unga wa muhogo alipewa vitabu vitatu bila kuchagua. Kwa hiyo alisoma kila kitu: mapenzi, upelelezi, mashairi, nyuki, historia, dini, na namna ya kumtunza mbuzi mwenye mimba.

Alivisomea jikoni, maharage yakiwa yameinjikwa, na hapo ndipo kilipozaliwa kipimo chake. Kitabu kibovu kilimwacha akumbuke kuongeza maji. Kitabu kizuri kiliunguza sufuria. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akawa akimaliza kitabu anaandika maoni yake kwa kalamu ya bluu, na mwisho wa kila maoni anaweka hukumu: sufuria ngapi zimeungua.

Kuhusu riwaya moja ya mapenzi aliandika hivi: "Hawa wawili wanalia kurasa mia na themanini. Mwanamume analia, mwanamke analia, mama mkwe naye analia, na hakuna hata mmoja anayekwenda shamba. Nilimaliza bila kujua wanakula nini. Maharage yaliiva vizuri sana."

Kuhusu cha upelelezi: "Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na nne, alipoingia nyumbani kwa watu akapita bila kupiga makofi ya kusalimia wala kumaliza salamu. Huku kwetu tungemkamata hata kabla hajaua. Inspekta anamtafuta kurasa mia mbili nyingine, maskini, kwa sababu ni mtu wa mjini. Sufuria nusu."

Kuhusu kile cha kutajirika: "Mwandishi anasema siri ni kuamka saa kumi alfajiri. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri kwa miaka hamsini. Nadhani utajiri hupita saa tisa."

Lakini hakuwa mtu wa kudhihaki tu. Kitabu kidogo cha mashairi, ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa, kilikuwa na shairi moja la mama anayekoroga maji matupu ili watoto wasikie sauti ya mwiko. Aliandika mistari miwili tu: "Nilifunga kitabu nikampelekea jirani unga. Sufuria sikuinjika." Na kuhusu nyuki alisema ni kitabu cha kweli kuliko vyote, maana aliyekiandika ameumwa, inaonekana katika kila sentensi.

Basi redio moja ya jamii kule Kasulu ikaanzisha kipindi cha Jumamosi saa nne asubuhi. Mtangazaji, binti mmoja aitwaye Ange, aliwaomba wasikilizaji waandike maoni yao kuhusu vitabu walivyosoma, wafike studio wayasome kwa sauti zao, au wayatume naye atawasomea. Immakulata alikuwa na goti lililokataa safari ndefu. Ila jirani yake, Mwalimu Makarius, mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia kutoka Gwarama miaka michache nyuma, alikuwa akienda Kasulu kila Ijumaa kwenye kikao cha wastaafu na kulala huko. Akampa daftari, lenye maoni ya vitabu vinane, amfikishie Ange. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akasema ni heshima.

Jumamosi hiyo Immakulata aliweka betri mpya katika redio. Alimwita Ininahazwe, mama wa nyumba ya pili, akamnong'oneza kwamba redio itasoma maandishi yake, naye akaja na wanawake wengine wanne, na wote wakapewa mihogo ya kuchemsha ili wasiondoke mapema. Aliwaambia wasikilize vizuri, leo watasikia jina wanalolijua.

Kweli walilisikia. Ange alisema yuko studio na mgeni, Mwalimu Makarius wa Kibondo, msomaji wa aina yake. Kisha ikaja sauti ya Makarius, ile ile ya mstarini asubuhi: "Mimi nina kipimo changu, dada Ange. Ninaposoma huwa nimeinjika maharage." Akasoma ya mapenzi, neno kwa neno. Wanawake walicheka mpaka mihogo ikawapalia. Mmoja akashangaa kumbe Mwalimu anapika. Mwingine akasema mke wake ana bahati ya bure.

Immakulata alitabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo, na yalikuwa machache kwa kazi hiyo.

Ininahazwe alisubiri wenzake waondoke, akamwambia kwa upole, bila ubaya wowote: "Mama Reverien, si ungesema tu kwamba ni Mwalimu? Tungekuja hivyo hivyo." Hapo ndipo kisu kilipoingia. Kuibiwa alikuwa amekwisha kuibiwa mara nyingi: kuku, jembe, na mara moja sketi kwenye kamba. Lakini kuku aliyeibiwa haendi kwa jirani kusema kwamba wewe hukuwahi kuwa na kuku. Kwa adhuhuri ile, mwongo wa Kumsenga alikuwa yeye.

Siku ya pili, baada ya misa, alikwenda kwa Makarius. Alimkuta amekaa barazani anajisikiliza, maana alikuwa ameirekodi ile Jumamosi kwenye simu. Immakulata alipiga makofi ya salamu, akainama kama inavyopasa, akaulizia afya ya mke, ya watoto, ya mbuzi, yote mpaka mwisho. Kisha akakaa.

"Mwalimu, nimesikia redio."

"Ulisikia, ee? Wamepiga simu mpaka kutoka Kagerankanda."

"Maneno yangu niliyasikia. Jina langu sikulisikia."

Makarius alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesahihisha madaftari. "Mama Reverien, redio ina mambo yake. Watu wakiambiwa ni bibi wa darasa la saba, wanabadili stesheni. Mimi nimeyaokoa maneno yako."

"Asante. Na hayo maharage, Mwalimu, umewahi kuyainjika?"

"Ile ni lugha ya picha."

"Sufuria zangu si picha. Njoo uzione."

Makarius alimweleza, kwa subira ile ile ya darasani, kwamba maoni ni mali ya jamii, kwamba yeye ni mdomo tu, na kwamba hata akienda kulalamika, nani angemwamini? Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya huruma, na Immakulata aliona kwamba ni la kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Kisha Mwalimu akamwomba, kama mtu anayemwomba jirani chumvi, kwamba akiandika mengine amletee.

"Nitakuletea," alisema Immakulata.

Ikawa hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Inspekta wa mjini, utajiri wa saa tisa, mbuzi mwenye mimba. Kila wiki alikaa peke yake na redio yake, akasikia utani wake ukitoka katika mdomo wa mtu mwingine na kuchekewa. Walipofika kwenye shairi la mama na mwiko, Makarius aliongeza ya kwake: akasema alipolisoma alilia. Immakulata akazima redio. Hakuwahi kuandika kwamba alilia. Alikuwa ameandika kwamba alipeleka unga.

Watu wakaanza kumsimamisha Mwalimu njiani wamwombe kichekesho. Mke wa Makarius, ambaye ndiye aliyepika maharage yote ya nyumba ile, alikuwa akikutana na Immakulata kisimani anaangalia ndoo.

Jumamosi ya nane Ange akatangaza siku ya wasomaji, katika ukumbi mmoja wa Kasulu, redio ikiwa hewani moja kwa moja. Msomaji aliyependwa na wasikilizaji angesoma maoni yake ya mwisho mbele ya watu, na kupewa kabati lenye vitabu mia mbili kwa ajili ya kijiji chake. Kabati lingekaa nyumbani kwake, na ufunguo angekaa nao yeye. Jina lilikuwa limekwisha kupatikana: Mwalimu Makarius wa Kibondo.

Immakulata alilifikiria lile kabati. Vitabu mia mbili, vyenye mwanzo na mwisho, sebuleni kwa mtu asiyesoma. Na yeye, kila anapotaka kimoja, akapige makofi na kuinama mlangoni kwa mwizi wake amwombe ufunguo. Alijua kwamba kama hilo likitokea angeacha kusoma. Alikuwa na miaka sitini na tano, na hakuwa na kitu kingine.

Alimsimulia Deborah peke yake, siku ya soko. Deborah alikuwa mtu wa sala. "Mama, umuache tu," alimwambia. "Mungu atamulipa."

"Mungu ana foleni ndefu," alisema Immakulata. "Mimi nina nafasi wiki hii."

Siku hiyo Deborah alimpa kitabu kimoja, bila unga, cha kumpoza moyo. Kilikuwa riwaya ya zamani ya ukubwa wa kiasi, yenye gamba gumu la kijani, kuhusu karani mmoja wa enzi za wakoloni aliyetumwa Heru kuandikisha watu wa kulipa kodi, akawa anawaficha maskini kwa kutowaandika. Immakulata alikifungua palepale sokoni, akasoma mstari wa kwanza, akakifunga haraka kama aliyefungua mlango wa chumba cha watu wazima.

Karani yule alikuwa na jina la baba mkwe wake.

Mke aliyelelewa vizuri, kwa Waha na kwa Warundi vilevile, halitamki jina la baba mkwe wake. Halisemi akiwa hai, halisemi akiwa amekufa, na halisemi hata kama ni la mtu mwingine njiani. Atazunguka: atasema yule mzee, atasema babu wa watoto. Mzee mwenyewe alikuwa kaburini miaka ishirini, na kijijini alijulikana kama Baba Venanti tu, hata vijana na wageni hawakujua jina lake la ubatizo. Lakini Immakulata alikuwa hajalitamka wala kuliandika tangu siku aliyoletwa nyumba ile, miaka arobaini na sita, wala hapa halitaandikwa, maana anayesimulia yuko upande wake.

Alikisoma hata hivyo. Kila jina lilipotokea, jicho liliruka kama mguu unavyoruka dimbwi, na lilitokea karibu kila ukurasa, ikawa ni kuruka tu. Na kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika. Sufuria tatu ziliungua, moja ikatoboka.

Alipokuwa anaikwangua ile ya tatu kwa majivu, mpango wote ukamjia kwa mkupuo. Aliacha kukwangua, akacheka peke yake, kuku wakakimbia.

Aliandika kurasa saba katika daftari jipya, maana lile la kwanza halikuwahi kurudi. Hakuandika vibaya makusudi. Angeandika vibaya, Makarius asingezisoma. Aliandika kwa moyo wake wote, jinsi karani alivyomfuta mjane katika orodha na kusema wino umemwagika, jinsi alivyozeeka bila mtu kumshukuru kwa sababu waliofichwa hawakujua kwamba wamefichwa. Kila alipomtaja alimwita karani, yule bwana, mwenye kalamu, baba huyu. Hakuhitaji hata kujikumbusha. Mkono ulizunguka wenyewe. Na mwisho kabisa akaweka chambo: "Nimesoma watu wengi katika vitabu na wengi nimewasahau kabla maji hayajachemka. Huyu hapana. Jina lake sitalisahau mpaka nizikwe."

Kisha akachukua kitabu chenyewe. Aliacha gamba na ukurasa wa jina la kitabu vifunguke vizuri. Kuanzia sura ya kwanza mpaka mwisho, akazikamata karatasi pembeni, kumi kumi, akazishona kwa sindano ya magunia na uzi mweusi, kila fungu likishonwa na linalofuata, mishono midogo iliyonyooka kama ya cherehani. Ilimchukua siku mbili na ilimuuma, maana hakuwahi kukitendea kitabu hivyo. Alikiomba radhi. Uzi hukatwa, alikiambia, karatasi haitachanika.

Jumatatu akampelekea Makarius vyote viwili, daftari na kitabu, kitabu kikiwa kimevalishwa jalada la gazeti kama vitabu vya shule. Na akamwambia, ili asije baadaye akasema hakuambiwa: "Mwalimu, mara hii utakuwa mbele ya watu. Daftari halitoshi. Kisome kitabu, walau sura moja."

"Nitakisoma chote," alisema Makarius.

"Una siku tano."

"Mama Reverien, unamfundisha nani kusoma?"

Alikubali kwamba hakuna.

Jumamosi aliamka saa kumi, kama kawaida yake ya kutotajirika, akafunga goti kwa kitambaa, akapanda basi la kwanza pamoja na Ininahazwe na wale wanawake wanne. Nauli aliwalipia yeye. Aliwaambia wanakwenda kumshangilia Mwalimu wa kwao. Hawakuwa na sababu ya kutomwamini, ila Ininahazwe alimtazama mara mbili, maana kwa mtu aliyewahi kudai kwamba maneno yale ni yake, Mama Reverien alikuwa na furaha kupita kiasi.

Ukumbi ulijaa. Kabati lilikuwa mbele, la mbao nyekundu na vioo, na vitabu vimesimama ndani migongo ikitazama watu. Immakulata alikitazama kila mgongo alioweza kuusoma kutoka safu ya tatu, akajua kwamba yuko tayari kufanya hata baya zaidi ya hili.

Makarius alivaa suti. Aliweka daftari mezani, akaweka kitabu kando yake, akakipigapiga kama mtu anayempigapiga mtoto wake begani. Ange alimuuliza kama ni kitabu kigumu. Alisema ni kigumu kwa wengine. Yeye amekisoma mara mbili, na mara ya pili amekimaliza jana jioni, hapo Kasulu, gesti, mpaka taa zikazimwa.

Kisha akasoma. Na Immakulata, ambaye alikuja kwa ajili ya damu, alijikuta anasikiliza. Yalikuwa maneno mazuri. Alisikia watu nyuma yake wakinyamaza mmoja mmoja, hata watoto. Kwenye mjane na wino uliomwagika, mama mmoja alipenga kamasi. Kwa dakika chache alikaribia kumsamehe, si kwa wema, bali kwa kiburi cha kusikia anavyoandika. Kisha Makarius akafika mwisho, akaweka mkono kifuani, akasema, "Jina lake sitalisahau mpaka nizikwe," na ukumbi ukapiga makofi, naye akainamisha kichwa kupokea, na Immakulata akakumbuka alichokijia.

Ange akauliza kama kuna swali kabla kabati halijakabidhiwa. Immakulata alisimama, akishikilia kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Alisalimia kwa makofi, taratibu, mpaka mwisho.

"Mimi ni bibi tu wa darasa la saba," alisema. "Nimependa sana. Nataka kukitafuta hicho kitabu. Mwalimu atutajie tu, huyo karani anaitwa nani?"

Makarius alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane kukawa na kitu usoni pake ambacho hakikuwa huruma. Alishusha macho kwenye daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Akasema kwamba jina si muhimu, muhimu ni ujumbe.

"Ila umesema hutalisahau mpaka uzikwe," alisema Ange, bila ubaya, huku akicheka. Ukumbi nao ukacheka.

Makarius aliinua kichwa akaona upenyo wa kujiokoa, na akaupitia. Alisema anamfahamu huyu mama, ni jirani yake, mchekeshaji mkubwa, na kitabu hiki amekisoma pia. Kwa nini asiwatajie yeye mwenyewe?

Ange akamgeukia. "Bibi, kweli umekisoma?"

"Nimekisoma, mwanangu."

"Basi tutajie wewe."

"Siwezi. Huyo karani ana jina la baba mkwe wangu. Tangu niolewe sijalitamka, na sijaliandika mahali popote."

Wanawake wa ukumbi mzima waliguna kwa pamoja, ule mguno wa kuelewa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ange mwenyewe alikuwa binti wa wazazi wa Kirundi. Alimsikia mama yake maisha yote akizunguka jina la babu. Aliliangalia daftari. Kisha akanyoosha mkono, akalivuta daftari kutoka mbele ya Makarius, akaanza kulipitia kwa kidole, midomo ikisogea karibu na kipaza sauti.

"Karani," alisoma. "Yule bwana. Mwenye kalamu. Baba huyu. Karani. Yule bwana." Alifunua. "Kurasa saba, Mwalimu. Hakuna jina hata mara moja."

Kutoka nyuma, mama mmoja ambaye Immakulata hakuwahi kumwona akauliza kwa sauti ya kutosha: "Kwani Mwalimu naye ameolewa wapi?"

Kicheko kilichofuata kilisikika redioni mpaka Kibondo. Ininahazwe hakucheka. Alikuwa amegeuka, anamtazama Immakulata kwa mdomo wazi, na polepole akaweka kiganja chake juu ya mkono wake.

Makarius alisubiri kicheko kipungue. Alikuwa amewahi kuongoza shule yenye watoto mia tisa na hakuwa mtu wa kukimbia. Alifuta paji la uso. Akasema kwamba wameuchezea ukumbi vya kutosha, kwamba katika uhakiki kuna mitindo, na kwamba huo ni mtindo. Jina kama wanalitaka, analo.

"Anaitwa Gharibu," alisema.

Immakulata alikaa. Goti lilikuwa linamuuma, na kazi yake ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya uzi.

"Gharibu," alirudia Ange. "Tuonyeshe tu, Mwalimu, tuyamalize. Ukurasa wowote."

Makarius akakivuta kitabu. Gamba likafunguka. Ukurasa wa jina la kitabu ukafunguka. Akaweka kidole gumba pembeni, akasukuma, na kitabu hakikuenda. Akajaribu katikati. Akajaribu mwisho. Akakigeuza juu chini, kama mtu aliyepewa ndizi asiyojua kuimenya. Akavuta kwa nguvu, na mishono ikakaza kwa mlio mdogo ambao kipaza sauti kiliuchukua na kuusambaza ukumbini.

Ange alikichukua mikononi mwake. Alipitisha ukucha pembeni, taratibu, kutoka juu mpaka chini, juu ya ule uzi mweusi. Alikiinua ili watu wa mbele waone, kisha akawageuzia wa pembeni. Hakuna aliyecheka sasa.

"Mwalimu, hiki ndicho ulichokimaliza jana?"

"Ndicho."

"Hiki hapa?"

Makarius alitazama uzi. "Huo uzi umewekwa leo asubuhi. Kuna watu wana wivu."

"Leo asubuhi kilikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba wangu," alisema Makarius, kisha akasikia alichokisema. "Yaani, hicho ndicho nilichokuja nacho. Nilichosoma jana ni nakala yangu nyingine."

"Iko wapi?"

"Ipo."

"Tunaisubiri," alisema Ange.

Mwalimu Makarius aliinama chini ya meza, akauweka mkoba juu ya magoti, akafungua zipu. Watu wa safu tatu za mbele waliona kila kitu kilichokuwamo: taulo, kandambili, na mswaki kwenye mfuko wa nailoni. Akatoa taulo. Akatoa kandambili, moja, kisha ya pili. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaendelea kutafuta.